Mtoto Anaumwa Tumbo Muda Mrefu: Kabla Hujaomba "Vipimo Vyote"

Malalamiko yamezidi siku hizi kwenye dirisha la maabara hapa Lamu. Mzazi anafika na mtoto anayeharisha wiki ya tatu, anaomba "vipimo vyote", anaambiwa arudi kwa daktari akaandikiwe fomu. Anaondoka na hasira, na hasira yake tunaielewa: aliyevuka na boti kutoka Faza hapendi kuzungushwa. Lakini kila kipimo hujibu swali moja tu, na swali hilo hutoka kwenye maelezo ya mtoto mwenyewe.

Kuharisha kukipita siku 14 hakuchukuliwi tena kama kuharisha kwa siku mbili. Choo chenye harufu kali na povu, tumbo limejaa gesi, hapo tunamtafuta jiadia, kimelea mdogo wa utumbo. Mtoto aliyepauka viganja apimwe pia wingi wa damu, maana minyoo ya safura hufyonza damu. Na yule anayekaa siku nne bila kwenda haja, kisha akatoa choo kama mavi ya mbuzi, mara nyingi hahitaji maabara hata kidogo.

Jiadia haonekani kwenye choo kila siku. Ndiyo sababu daktari huandika sampuli tatu za siku tofauti. Jibu la "hakuna kitu" la siku moja halimalizi uchunguzi.

Sampuli zenyewe sasa. Juma lililopita nilipokea choo ndani ya kopo la siagi, kimechanganyika na maji ya kutawadhia, na kilikuwa juani kwenye mashua tangu alfajiri. Hicho hakipimiki. Chukua kopo la maabara, kavu, lenye kifuniko. Mtoto ajisaidie kwenye poti safi, bila mkojo wala maji kuingia. Chota kiasi cha tende moja, na penye damu au makamasi chota hapo hapo. Andika jina, umri, tarehe na saa. Choo cha majimaji kinatakiwa kutazamwa ndani ya nusu saa, kwa hivyo anayetoka mbali amlete mtoto mwenyewe. Kopo lisilo na jina au saa hukataliwa. Sababu huandikwa kwenye daftari, aliyepokea hutia saini, na kazi huanza upya. Utaratibu huu unamlinda mtoto asipewe majibu ya mwenzake.

Kuhusu Widal, kile kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, tumesema mpaka tumechoka. Kipimo kimoja cha Widal huonyesha kingamwili, ambazo zinaweza kuwa za ugonjwa uliopita au za homa nyingine kabisa. Mtoto aliyeharisha mwezi mzima hawi na taifodi kwa sababu karatasi imesema hivyo. Kinachothibitisha ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, kabla ya dawa. Tafadhali msimmezeshe mtoto antibiotiki kwa karatasi ile peke yake.

H. pylori, bakteria wa tumboni anayeleta vidonda, hali kadhalika: kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya zamani na ya sasa. Cha choo ni bora, ila mtoto awe amemaliza wiki nne bila antibiotiki na wiki mbili bila dawa za kupunguza asidi. Daktari akishuku kwamba ngano inamdhuru, msimwachishe chapati na mahamri kabla ya kupimwa, kwani majibu yatatoka safi kimakosa.

Maabara yoyote nchini lazima iwe na leseni ya bodi ya wataalamu wa maabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kuendesha maabara bila leseni ni kosa la kushtakiwa mahakamani. Omba kuiona leseni; hakuna fundi mwaminifu atakayekasirika.

Lakini mtoto mwenye damu kwenye choo, anayetapika kijani, anayekonda au anayeamshwa usiku na kuharisha, asingojee sampuli tatu. Macho yakizama na akakataa kunywa, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo. Kopo litafuata baadaye.