Urejeshaji wa kijito ni nini?

Urejeshaji wa kijito ni kazi ya kukirudishia kijito kilichoharibika umbo na mwenendo wake wa asili, ili maji yanayofika chini yawe safi zaidi. Jambo kubwa hapa ni bonde, yaani ardhi tambarare iliyo kandokando ya kijito. Mvua kubwa ikinyesha, maji yaweze kupanda kingo, yasambae kwenye majani na yapoe kasi. Hapo mashapo, yaani udongo na mchanga uliobebwa na maji, hutua, pamoja na fosforasi iliyoshikamana na udongo. Naitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, huondoka kwa njia nyingine: bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni huigeuza gesi ya naitrojeni, ikapotelea hewani. Kijito kilichochimbika kama mtaro hakina nafasi hiyo; kila kitu hukimbilia chini.

Kazi ni kujua asili yenyewe ni ipi. Kijito cha Big Spring Run, katika kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kilijipinda kati ya kingo ndefu za udongo, na mpita njia angedhani ndivyo kilivyoumbwa. Mwaka 2008 wanajiolojia Robert Walter na Dorothy Merritts walionyesha kwamba kingo nyingi za namna hiyo mashariki mwa Marekani ni tope lililonaswa na mabwawa ya vinu vya maji, vilivyoenea huko enzi za walowezi. Mabwawa yalipobomoka, vijito vilijichimbia njia ndani ya tope hilo, na kila mafuriko yakawa yanamega kingo. Chini ya tope kulikuwa na udongo mweusi wa kinamasi, mbegu za mimea yake zikiwamo.

Kwa hiyo kupanda miti ukingoni, dawa inayopendwa kila mahali, kusingetosha. Mwaka 2011, pale Big Spring Run, tope lenyewe liliondolewa, maelfu ya tani, hadi kuufikia udongo mweusi. Siku hizi maji hupita katika vijia vyembamba kati ya majani ya kinamasi. (Anayependa bustani nadhifu hatapafurahia.)

Maji hayo huingia mto Conestoga, kisha Susquehanna, hadi ghuba ya Chesapeake, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Huko rutuba iliyozidi, yaani naitrojeni na fosforasi, hustawisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni majini. Mwaka 2010 serikali ya shirikisho iliweka kikomo cha naitrojeni, fosforasi na mashapo yanayoingia ghubani. Hata hivyo Lancaster ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na naitrati ya samadi hupenya hadi maji ya chini ya ardhi. Kinamasi hupunguza sehemu yake tu. Inayobaki itategemea namna samadi inavyotumika mashambani.