Messi ni "una estrella": dhana potofu kuhusu Kihispania cha mastaa

"Neno likiishia na -a, anayetajwa ni mwanamke." Dhana hii ndiyo inayowakwaza wengi, kwa sababu somo la kwanza hukaririshwa *amigo* (rafiki) kwa mwanamume na *amiga* kwa mwanamke. Maneno ya kuwataja mastaa hayana utiifu huo. *Futbolista* (mchezaji soka) na *artista* (msanii) hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kijineno kinachotangulia: *el artista* akiwa mwanamume, *la artista* akiwa mwanamke. *Cantante*, yaani mwimbaji, ni vivyo hivyo: *la cantante* Shakira, *el cantante* Juanes.

Kasheshe ipo kwenye *estrella* (nyota) na *celebridad* (mtu mashuhuri). Haya ni ya kike daima, hata anayesifiwa awe na ndevu: *Messi es una estrella argentina*. Ukisema *un estrella argentino* umekosea mara mbili. Sisi husema "nyota huyu amefunga" na si "nyota hii imefunga", kwa kuwa upatanisho wetu humfuata mtu. Mhispania hulifuata neno. Kinyume chake pia kipo: *personaje* (mtu maarufu) kwa kawaida ni la kiume, kwa hiyo mchoraji wa kike Frida Kahlo ni *un personaje famoso*.

"Jina la mwisho ndilo la ukoo." Kwa desturi wazungumzaji wengi wa Kihispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Mwandishi Gabriel García Márquez wa Colombia ni García Márquez, na maktabani atafutwe kwenye G. Kumwita "Márquez" tu ni kumnyima jina la baba yake. Hata hivyo, mshairi Federico García Lorca huitwa Lorca na Wahispania wenyewe, maana akina García wamejaa kila kona. Mchoraji Picasso naye? Baba yake alikuwa Ruiz. Jina lililovuma ni la upande wa mama.

"*Grande* (kubwa) ukiliweka popote ni sawa." *Un gran actor* (likitangulia hufupishwa kuwa *gran*) ni mwigizaji hodari. *Un actor grande* ni pande la mtu, kuigiza ajue asijue.

"*Conocido* maana yake ni maarufu." Ndiyo, ukimsema mcheza tenisi Nadal: *Nadal es muy conocido*, yaani anajulikana sana. Ukisema *Nadal es un conocido mío*, umedai kuwa mnafahamiana, na huenda ukaombwa namba yake ya simu.