Kabla hujanunua dawa ya magugu, tafuta jina la mmea

Simu yangu imejaa majani. Asubuhi nikiwasha data zinaingia picha mfululizo: jani limeshikwa kwa vidole viwili, nyuma yake ukuta wa mabati, na chini yake swali lilelile, "Daktari, hii nipulizie nini?" Mimi si daktari. Nilisomea kilimo, nikaishia kushughulika na mimea ambayo watu wengine wanaikanyaga wakipita. Ila jina limeshika, nimechoka kubisha.

Swali hilo linaanzia mkiani. Kabla ya "nipulizie nini" kuna "hii ni nini", na hilo la kwanza ndilo watu wanaliruka, wakaenda moja kwa moja kwa agroveti, wakarudi na chupa. Na siwalaumu sana, kwa sababu hata mimi nimewahi kuliruka.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Ruai alinitumia picha ya kijimea kilichotandaza majani chini kama sahani, majani yenyewe yamechanikachanika kama ya karoti. Alikuwa amemwagiwa lori mbili za murram kwenye ploti yake, anasubiri pesa za kuchimba msingi. Picha ilikuwa na ukungu, nami nilikuwa kwenye matatu, nimebanwa dirishani. Nikamjibu chapuchapu: "Mama, hiyo inafanana na pakanga, iache tu." Pakanga watu wanaipanda wenyewe kwenye makopo, wanachemsha, wanakunywa uchungu wao kwa hiari. Sikuona hatari.

Wiki kama nane baadaye akanitumia picha ya pili. Ploti nzima ilikuwa nyeupe, utadhani gunia la mchele limepasukia pale. Hapo sikuhitaji kuvuta picha karibu. Ilikuwa partheniamu, Parthenium hysterophorus kwa wanaotaka jina kamili, na mimi ndiye niliyempa miezi miwili ya kuzaa.

Nieleze mmea huu kidogo, maana kwa Nairobi ndio ninaoulizwa kuliko mwingine wowote. Asili yake ni ukanda wa joto wa bara la Amerika. Unapenda udongo uliochokonolewa: kando ya barabara mpya, ploti zisizojengwa, mashamba ya kahawa yaliyotelekezwa, malisho yaliyokwanguliwa na ng'ombe hadi yakabaki mavumbi. Mche mchanga ndio ule wa majani ya karoti yaliyolala chini. Ukipata mvua unasimama, unatoa matawi, na ndani ya mwezi mmoja hadi miwili tangu kuota unachanua. Ua ni dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, jeupe, na ukiliinamia utaona pembe tano ndogo pembeni. Mmea mmoja ulioshiba unaweza kutoa mbegu zipatazo 25,000. Zinasafiri kwa murram, kwa matope ya matairi, kwa robota za nyasi, kwa samadi. Ng'ombe akiula maziwa yanakuwa machungu. Binadamu akiushika mara kwa mara ngozi inaweza kuanza kuwasha na kutoka vipele, na chavua yake inawasumbua wenye pumu na mafua ya mzio. Nilipokuwa mwanafunzi niliung'oa kwa mikono mitupu ili nionekane mkakamavu. Nilijikuna wiki nzima.

Sasa, jina unalipata wapi? Nairobi tumebahatika. Pale Museum Hill, ndani ya Makumbusho ya Kitaifa, kuna Hebaria ya Afrika Mashariki. Ilianza Amani, kule Usambara, mwaka 1902 enzi za Wajerumani, ikahamia Nairobi mwaka 1950, na leo ina vielelezo vya mimea mikavu zaidi ya milioni moja, vimepangwa kabatini kwa ukoo. Watu wengi wanapita nje wakienda kuwaonyesha watoto mifupa na nyoka, wasijue kwamba vyumba vya ndani kuna wataalamu wanaoweza kulinganisha kitawi chako na kilichokatwa kabla babu yako hajazaliwa.

Ila usiwapelekee jani moja lililonyauka ndani ya karatasi ya nailoni. Kata tawi lenye maua, na kama kuna tunda au mbegu, afadhali zaidi. Kama mmea ni mdogo ng'oa mzima na mzizi wake, ukung'ute udongo. Utandaze ndani ya gazeti, jani moja ligeuze ili upande wa chini uonekane, kwa sababu mara nyingi siri iko huko, kwenye vinyweleo na mishipa. Weka juu yake vitabu vizito, au chini ya godoro kama tulivyofanya hosteli, na ubadilishe gazeti kila siku mpaka mmea ukauke. Kisha andika yale ambayo mmea mkavu hauwezi kuyasema: uliutoa wapi na tarehe gani, ua lilikuwa na rangi gani likiwa bichi, je, ukivunja shina linatoa maziwa, lina harufu gani, kuna mmoja au umetapakaa. Kwa partheniamu vaa glavu.

Kwa nini nashikilia jina namna hii? Nenda Laikipia ukaone mpungate. Kule kuna aina zaidi ya moja ya kakati hii, na kwa mtu anayepita na gari zote ni miiba tu. Mwaka 2014 kulianza kuachiliwa mdudu mdogo anayeitwa kochinili, anayefyonza maji ya mpungate aina ya Opuntia stricta hadi unalegea na kuanguka. Anaonekana kama vipande vya pamba vilivyonata kwenye majani, na ukimponda anatoa wekundu kama damu. Kazi yake ni nzuri. Lakini kochinili huyo ni mchaguzi: ukimpeleka kwenye Opuntia engelmannii, jirani yake anayefanana naye, hana habari nayo. Aina hiyo inahitaji kochinili wa ukoo mwingine. Mfugaji anabeba majani yenye mdudu kilomita nyingi, anayatundika kwenye mpungate wake, anasubiri mwaka, na mpungate unazidi kunenepa. Tofauti ya jina moja tu.

Nyuma ya kazi hiyo ya kochinili kuna CABI, shirika la kimataifa la kilimo lenye kituo chake cha Afrika hapahapa Nairobi. Ndio walio pia nyuma ya zile kliniki za mimea, ambapo mkulima anakuja na tawi linaloumwa kama anayekuja na mtoto. Mwaka 2017 walitoa kitabu cha picha kuhusu mimea ya kigeni iliyojiotea Afrika Mashariki, na kinapakuliwa bure. Ninacho kwenye simu. Kinanisaidia kuliko programu zile zinazobahatisha jina kutoka picha moja. Hizo ninazitumia, lakini ninazichukulia kama rafiki anayesema "nadhani nimemwona mahali".

Kasarani kuna icipe, kituo cha wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Watu wa Nairobi wanakijua kama mahali pa nyuki na mbu, lakini wenye shamba nyumbani Busia au Siaya wanapaswa kukijua kwa sababu ya kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini. Njia yao ni kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya mifugo kuzunguka shamba. Desmodiamu inaichokoza mbegu ya kiduha iote, kisha inaizuia isishike mzizi. Gugu linakufa kwa kudanganywa. Sijaona hila nzuri kuliko hiyo katika kazi hii.

Mathenge ni habari ya KEFRI, watafiti wa misitu walio Muguga. Mti huu uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka kuwa ukuta wa miiba, na mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya huko, walikwenda mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Tangu hapo kumekuwa na juhudi kubwa za kuutumia: makaa, nguzo, unga wa maganda kwa mifugo. Nina shaka na mkondo huo. Mtu akishaanza kulipa karo kwa makaa ya mathenge, usimtegemee aung'oe mti wa mwisho.

Ukishapata jina na ukaona kweli unahitaji dawa, angalia lebo kabla ya bei. Dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti viuatilifu, ina namba ya usajili kwenye chupa. Kama haina, au imepimiwa kwenye chupa ya soda, rudisha. Glaifoseti, ile dawa ya magugu inayojulikana sana, inaingia kupitia jani na kuua mmea hadi mzizi. Mbegu iliyolala udongoni haina habari nayo. Na kwa wale wanaorudi safari na vikonyo ndani ya sanduku: kuna kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, cha kuingiza mimea, na kinaombwa kabla ya kusafirisha, si ukishasimamishwa uwanja wa ndege.

Kuna pia sheria, Sura 325, ya kuzuia magugu hatari. Partheniamu iliingizwa humo mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwenye ardhi aondoe gugu lililotangazwa, na akikaidi laweza kuondolewa kwa gharama yake. Nimewahi kwenda ofisi fulani kuripoti partheniamu iliyofunika hifadhi ya barabara, nikaulizwa mwenye ploti ni nani. Nikasema ni ninyi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ukitaka kuona kazi ikifanyika kwa mikono, ingia Karura. Shirika la Misitu na Marafiki wa Karura wamekuwa waking'oa lantana mizizi kwa mizizi na kupanda miti ya asili palepale. Hilo la pili ndilo watu wanalisahau: shimo ulilong'olea gugu usipolijaza, litajazwa.

Ndivyo tulivyofanya Ruai. Nilikwenda mwenyewe, maana deni lilikuwa langu. Tulingoja mvua ilainishe udongo, tukavaa glavu, mikono mirefu na barakoa, tukang'oa mmea na mzizi. Vijana walitaka kufyeka kwa panga, nikakataa, kwa sababu ukikatwa unachipua kutoka shinani na kuchanua ukiwa mfupi, usiuone. Iliyokwisha kuchanua tuliifunga kwenye mifuko mieusi na kuiacha juani. Hatukuitupa kwenye mboji. Kisha mama akapanda nyasi za boma Rhodes, akauza robota mbili msimu wa kwanza. Kila mvua anazunguka tena, Aprili na Novemba, anang'oa vichache vilivyobaki.

Wiki iliyopita ameniandikia tena. Safari hii picha ilikuwa safi, mmea umelazwa juu ya gazeti, jani moja limegeuzwa, na kando ya mzizi ameweka sarafu ya shilingi kumi ili nione ukubwa. Majani yamechanikachanika. Nikamwambia, "Mama, vunja jani unuse."

Akakaa kimya kama dakika tano.

"Ni dhania, daktari. Na nimeshaing'oa yote."