Video ya interlesi: kwa nini picha huota meno ukiikonvati

Kanda ya harusi ya miaka ya tisini imetolewa kwenye VHS, ikaingizwa kwenye kompyuta, ikakonvatiwa kuwa MP4. Bibi harusi aliyetulia kwenye kiti ametoka safi. Shangazi anapokatiza ukumbi kwenda kumtuza mwimbaji, mkono wenye noti unachanikachanika, kingo zake zimeota meno kama chanuo. Mwenye kanda atakwambia kanda imezeeka. Kanda haina kosa. Ilirekodiwa kwa interlesi, na aliyeikonvati hakulijua hilo.

Interlesi ni kurekodi na kurusha picha nusunusu. Katika mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, picha ina mistari 625, na inayoonekana ni 576. Mistari hiyo haichukuliwi yote kwa mpigo. Kwa kawaida inatangulia ya witiri, yaani wa kwanza, wa tatu, wa tano hadi chini. Kisha zamu ya shufwa. Kila nusu ni fildi, na fildi 2 ndizo fremu 1. Kwa sekunde zinapita fildi 50, sawa na fremu 25. Ulikuwa ujanja wa enzi za televisheni za kichogo: picha 25 kwa sekunde zingemetameta hadi macho yaume, na picha nzima 50 zingekula nafasi maradufu hewani.

Wengi wanapokwama ni hapa: fildi mbili za fremu moja si nusu mbili za picha moja. Ni nyakati mbili tofauti, zimeachana kwa 1/50 ya sekunde. Tuseme mkono wa shangazi unavuka picha yenye upana wa pikseli 720 kwa sekunde moja. Kati ya fildi na fildi umeshasogea pikseli 14 hivi. Televisheni ya kichogo ilionyesha fildi moja, kisha nyingine, na jicho likaona mkono unaokwenda. Skrini ya simu inaonyesha fremu nzima kwa mara moja, mtindo uitwao progresivu, kwa hiyo mikono miwili inabanwa pamoja, mstari huu wa sasa, unaofuata wa baadaye kidogo. Hayo ndiyo meno. Bibi harusi hakusogea, ndiyo maana yeye yuko salama.

Dawa yake ni kudiinterlesi, yaani kuzitenganisha fildi na kujaza mistari inayokosekana kwa kukisia kutoka mistari ya jirani na fildi za kabla na baada. Katika FFmpeg, programu ya kukonvati video, kuna vichujio yadif na bwdif. Mimi huchagua bwdif. Angalia tofauti moja: yadif usipoiambia kitu hutoa fremu 1 kwa kila fildi 2, unabaki na 25 kwa sekunde, wakati bwdif hutoa fremu 1 kwa kila fildi, 50 kwa sekunde. Watu husema 25 zinatosha. Kwa mtu anayezungumza kwenye kiti, sawa. Kwa ngoma au mpira umetupa nusu ya mwendo uliorekodiwa, na ule wepesi wa picha za zamani unapotea.

Kosa lisilo na tiba ni kupunguza kimo cha picha kabla ya kudiinterlesi. Ukiteremsha 576 hadi 480 kwanza, mistari ya fildi mbili inachanganywa kama tui na maji, na hakuna kichujio kitakachoitenganisha tena. Diinterlesi kwanza, saizi baadaye. Na faili la awali usilifute.

Kuna pia suala la fildi ipi imetangulia. Kamera za kidijitali za DV hutanguliza fildi ya chini, yaani ya mistari ya shufwa; za HDV hutanguliza ya juu, yaani ya witiri. Ukikosea, shangazi atakuwa anarudi nyuma kidogo, anaruka mbele, anarudi tena. Utafikiri ukumbi una utelezi. Geuza mpangilio, atatembea.

Usiamini lebo ya faili, maana faili la interlesi huweza kujitambulisha kuwa progresivu. Lifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, zima diinterlesi kwa herufi d, simamisha mahali penye mwendo wa kwenda pembeni, kisha sogeza fremu moja moja kwa herufi e. Meno yakiwepo utayaona.

Usipoyaona, usidiinterlesi kwa mazoea. DVD ya PAL yenye filamu ya sinema mara nyingi hubeba fildi mbili zilizokatwa kutoka picha moja, kwa kuwa filamu ya picha 24 kwa sekunde huharakishwa tu hadi 25. Ukipitisha kichujio hapo unaiharibu picha ambayo haikuwa na ugonjwa. DVD za filamu za Marekani ni kesi nyingine: picha 24 zilitawanywa kwenye fildi karibu 60, na kazi yake ni kuzikusanya zirudi 24, si kudiinterlesi.