Mkamata wezi wa kulipwa alikuwa nani?

Tukisikia polisi kala rushwa, tunamfikiria askari aliyeapa, akavaa sare, kisha akauza kiapo chake. London ya miaka ya 1700 haikuwa na sare wala jeshi la polisi. Mitaa ilikuwa na makonstebo wasiolipwa, raia walioshika zamu ya mwaka mmoja mmoja, pamoja na walinzi wa usiku. Aliyeibiwa alimsaka mwizi mwenyewe au alimlipa mtu amsakie. Huyo anayelipwa ndiye mkamata wezi.

Serikali nayo ilitia fedha katika kazi hiyo. Sheria ya 1692 iliweka zawadi ya pauni 40 kwa anayemkamata mnyang'anyi wa barabarani, na mwaka 1720 zikaongezwa pauni 100 kwa unyang'anyi wa London na viunga vyake. Kibarua alifanya kazi mwaka mzima bila kuzitia mkononi hizo 40. Na sharti lake litazame vizuri: fedha hazitoki mpaka mshtakiwa apatikane na hatia, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kitanzi.

Jonathan Wild aliielewa hesabu hii kuliko wenzake wote. Alifungua ofisi karibu na mahakama ya Old Bailey. Umeibiwa saa? Unakwenda kwake, anakuhoji, anaandika daftarini. Siku chache baadaye saa inapatikana, nawe unatoa shukrani yako. Wezi walikuwa watu wake. Aliyemgomea alimpeleka mahakamani mwenyewe, akachukua zawadi. Watu wengi walimwona shujaa, naye akajiita Mkamata Wezi Mkuu wa Uingereza na Ireland. Mwaka 1725 alihukumiwa kwa kupokea gini 10, sarafu za dhahabu za wakati huo, ili kumrudishia mwanamke mmoja lesi iliyoibwa dukani kwake bila kumshtaki mwizi. Alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu London, tarehe 24 Mei.

Wild akafa, zawadi ikabaki, na kwa hiyo ufisadi ukabaki. Kwangu mimi kundi la Stephen MacDaniel, lililofichuliwa mwaka 1754, ndilo linaloumiza zaidi. Hawa hawakungoja mwizi atokee. Mmoja anawashawishi vijana maskini wamvizie mpita njia. Mpita njia ni mwenzao. Mali inanunuliwa na mwenzao mwingine, na wa nne ndiye anayekuja kukamata. Mahakamani kila mmoja ana la kushuhudia, na vijana wanahukumiwa kufa kwa wizi waliotegewa.

Hata watu wa Bow Street, kituo kilichoheshimika kwa kupambana na uhalifu, waliingia humo: mwaka 1816 askari wa doria George Vaughan alitiwa hatiani kwa kuwachochea watu waibe ili zawadi ilipwe. Bunge lilizifuta zawadi hizo mwaka 1818, miaka 126 tangu zianze. Jeshi la polisi la Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, lilipoingia mitaani mwaka 1829, askari wake walikuwa na mshahara wa kila wiki, awe amekamata mtu au hakukamata.