Je, wajua kwa nini dereva wa mbio hukanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja?

Mtazame miguuni dereva wa gari la mbio lenye gia za mkono anapokaribia kona. Mguu wa kulia umekandamiza breki, gari linapoteza mwendo haraka, na papo hapo ubavu wa mguu huohuo unainamia pedeli ya mafuta na kuigusa mara moja. Injini inanguruma, gia inashuka, mguu wa kushoto unaachia klachi, na gari halishtuki hata kidogo. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula One, alirekodiwa akifanya hivyo ndani ya Honda NSX kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, akiwa amevaa viatu vya kutokea na soksi nyeupe. Mtu anayetaka kupunguza mwendo anakanyaga mafuta ya nini?

Jibu limo katika mizunguko ya injini. Chukua Toyota AE86 ya miaka ya 1980, gari ambalo wapenzi wa kuteleza kwenye kona wanalienzi hadi leo. Gia yake ya tatu ina uwiano wa 1.384, ya pili 2.022, yaani idadi ya mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi. Injini ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tatu, ukiweka ya pili kwa mwendo uleule injini italazimika kuzunguka karibu mara 4,380. Hiyo nyongeza ya 1,380 lazima itoke mahali. Tena, muda wote ambao klachi imekanyagwa na mguu hauko kwenye mafuta, injini haikai ikingoja kwenye 3,000. Inazidi kushuka, na pengo linapanuka.

Ukiachia klachi katika hali hiyo, anayeibeba injini hadi 4,380 ni matairi. Ndiyo yanayolazimika kuzungusha shafti nzima ya injini na gurudumu zito lililofungwa nyuma yake, na yanafanya hivyo kwa kuivuta barabara. Wewe unausikia mzigo huo kama mtikisiko, kichwa kinakwenda mbele na bamba la klachi linasagika. Kumbuka pia kwamba unapofunga breki, uzito wa gari hulalia mbele. AE86 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo wakati huo yamekuwa mepesi na tayari yanatumia karibu mshiko wao wote kwa breki. Ukiyaongezea kazi ya kuinua mizunguko ya injini, yanaachia barabara na mkia wa gari unatoka. Mbaya zaidi, hutokea pale unapoanza kukata usukani.

Kwa hiyo ule mguso wa mafuta ni wa kuiwahisha injini ifike kwenye mizunguko inayotakiwa kabla klachi haijashika. Gari halipati nguvu yoyote ya kwenda mbele, kwa kuwa klachi imekata mawasiliano. Mguu wa kushoto umeshikwa na klachi na wa kulia hauwezi kuiacha breki, ndiyo maana mguu mmoja unabeba kazi mbili.

Kuna watu wanaoamini kwamba dereva wa mbio hushusha gia ili injini imsaidie kusimama. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, ambako lori lenye mzigo linaweza kuunguza breki, gia ndogo ni uhai. Uwanjani ni tofauti: breki zinatosha, na gia inashushwa ili gari liwe na nguvu ya kutokea kona. Sinkronaiza, kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, nayo haikuondolei kazi hii. Tangu Cadillac walipoileta mwaka 1928 imewaokoa madereva na ugomvi wa meno ndani ya giaboksi, lakini yenyewe haiinui mizunguko ya injini.

Sasa, wengi wakijaribu ufundi huu kwenye gari la kawaida wanashindwa na kujilaumu, kumbe pedeli ndizo zimekaa vibaya kwa kazi hiyo. Zimekaa hivyo kwa makusudi. Pedeli ya breki huwekwa juu sana kuliko ya mafuta, na mbali nayo, ili mguu uliokusudia breki usije ukaangukia mafuta. Katika miaka ya 1980 nchini Marekani, wenye Audi 5000 walilalamika kwamba magari yao yalikuwa yakichomoka yenyewe. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1989 ulieleza kuwa, kwa sehemu kubwa, madereva walikuwa wamekanyaga pedeli isiyo yake, na mpangilio wa pedeli ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Ukitaka kusogeza pedeli zako zikaribiane, elewa kwamba unapunguza kinga hiyo. Gari linaloendeshwa na watu kadhaa nyumbani, mimi ningeliacha lilivyo.

Ukiamua kurekebisha, anza kwa kupima. Washa injini kwanza. Hydrovaki ya breki, yaani kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hutegemea mvuto wa hewa wa injini, na injini ikiwa imezimwa pedeli hukaa ngumu na juu, kipimo chako kitakudanganya. Gari likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu ile ambayo ungetumia kupunguza mwendo kwa haraka, kisha angalia imesimama wapi ukilinganisha na mafuta. Unachotaka ni breki ibaki sawa na pedeli ya mafuta au juu yake kidogo, kama sentimita 1 au 2. Ndiyo sababu pia ufundi huu ni mgumu ukifunga breki taratibu mjini: pedeli haijashuka vya kutosha, na mguu unakuwa unainamia shimo.

Breki ikizama chini ya mafuta, usiguse kitu kingine. Hilo ni tatizo la breki. Huenda kuna hewa kwenye mabomba, au mafuta ya breki yamezeeka na kunyonya unyevu. Itolewe hewa, mafuta yabadilishwe, ndipo upime upya.

Breki ikibaki juu mno, kishawishi ni kuishusha kwa kuchezea ile fimbo inayosukuma masta silinda, yaani pampu ya breki. Nasema kwa msisitizo: iache. Mlegeo mdogo ulioko hapo una kazi yake. Fimbo ikikosewa, ikawa ndefu kupita kiasi, pistoni ya masta silinda hairudi mwisho, mafuta ya breki hayapati njia ya kurudi, na breki zinaanza kushika zenyewe mpaka zinaungua. Swichi ya taa za breki nayo hupotea mahali pake. Pandisha pedeli ya mafuta badala yake. Fundi anaweza kufunga kibamba juu yake, kwa boliti na nati za kujikaza, chenye ubavu unaosogea upande wa breki. Kwenye magari yanayotumia waya wa mafuta, ule unaounganisha pedeli na injini, kama hiyo AE86, usijaribu kuipandisha kwa kukaza waya, kwa sababu utaishia na injini isiyoshusha mizunguko hata ukiondoa mguu.

Kibamba kikishafungwa, injini ikiwa imezimwa kanyaga mafuta hadi mwisho kisha achia ghafla, mara nyingi. Lazima irudi yenyewe bila kugusa breki, zulia wala ukuta wa pembeni. Zulia si jambo dogo: mwaka 2009 Toyota waliita mamilioni ya magari Marekani kwa sababu zulia liliweza kuinasa pedeli ya mafuta.

Kwenye mguu wenyewe, Waingereza huuita ufundi huu heel-and-toe, yaani kisigino na kidole, lakini sahau kisigino kama pedeli ziko karibu. Weka tako la kidole gumba ukingoni mwa breki, upande wa kulia, kisha uviringishe ubavu wa mguu kuelekea mafuta. Pedeli zikiwa mbali, ndipo kisigino kinazungushwa kulia. Kiatu kiwe chembamba na soli isiwe nene.

Kigumu kuliko vyote ni kushikilia breki kwa nguvu ileile wakati mguu unaviringika. Kwa hiyo jifunze vipande vipande. Kwanza zoea kushusha gia kwa kugusa mafuta bila breki kabisa, barabara ikiwa tupu, mpaka sikio lako lijue injini inapaswa kulia vipi. Baadaye ongeza breki, ukiwa kwenye eneo lililofungwa. Abiria ndiye hakimu wako: kichwa chake kikicheza unapogusa mafuta, breki imebadilika, kikicheza unapoachia klachi, mafuta hayakutosha au yamezidi.

Kama gari lako ni jipya na halina waya wa mafuta, huenda ukafanya yote haya sawasawa na injini isiitike. Baadhi ya magari hayo yana programu inayokata mafuta pale breki na mafuta vinapokanyagwa pamoja. Mengine yanakufanyia kazi yenyewe: Nissan 370Z ya mwaka 2009 ndiyo iliyotangulia, kwa gari la gia za mkono linalouzwa madukani, kuinua mizunguko ya injini kila dereva anaposhusha gia, bila mguu wake kugusa mafuta.