Garryowen: Wimbo wa Ulevi Uliogeuka Muziki wa Gwaride

Kuna dhana nne potofu kuhusu wimbo huu.

Dhana: Ulitungwa jeshini.
Garryowen ni mtaa wa mji wa Limerick, Ireland, na wimbo huu ulikuwa wa vilabu vya pombe kabla ya jeshi kuuchukua. Maneno yake ya zamani yanawasifu vijana watukutu wanaochagua bia badala ya maji ya chemchemi na kuvunja taa za barabarani. Vita havimo: wanaopigwa ni madalali wa mahakama, na anayekimbizwa ni meya.

Dhana: Ni mali ya Custer.
Rejimenti ya 7 ya askari farasi wa Marekani, ambayo ofisa George Custer aliiongoza vitani, iliundwa mwaka 1866. Kabla ya hapo Waairishi katika jeshi la Uingereza walikuwa wakiutumia, na Beethoven alikwisha kuupanga kwa ajili ya mchapishaji wa Edinburgh, George Thomson.

Dhana: Ulipigwa Little Bighorn, kwenye mapigano ya 1876 ambayo Custer aliuawa.
Bendi ya rejimenti haikuwepo. Juni 1876 iliachwa kwenye kambi ya Powder River, farasi wake wakagawiwa askari. Mapigano ambayo bendi ilipiga wimbo huu ni ya mto Washita, alfajiri ya 27 Novemba 1868, Custer alipovamia kijiji cha Wacheyenne cha chifu Black Kettle. Baridi iligandisha mate ndani ya ala, bendi ikanyamaza baada ya noti chache. Wanawake na watoto waliuawa pale, na anayeusifu wimbo huu asiliruke jambo hilo.

Dhana: Jigi, yaani muziki wa dansi ya Kiairishi kama huu, ni ya kucheza, haifai kwa gwaride.
Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wapiga muziki. Kipimo cha 6/8 kina noti sita, lakini mguu unasikia mapigo mawili makubwa, kila moja likibeba noti tatu. Kushoto hukanyaga noti ya kwanza, kulia ya nne. Garryowen ina sehemu mbili za vipimo 8, kila moja hurudiwa: vipimo 32, hatua 64. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hatua moja ikiwa sentimita 76, mzunguko mzima huchukua sekunde 32 na safu husogea karibu mita 49. Kila sehemu ina hatua 16, kwa hiyo marudio yote huanza na mguu wa kushoto bila askari kubadilisha hatua.

Mambo huharibika filimbi zinapoharakisha noti ya tatu. Pigo la pili linawahi, hatua ya kulia inafupika, na safu inaanza kuchechemea. Ngoma kubwa ikipiga noti zote sita, askari hawajui wafuate ipi. Ipige ya kwanza na ya nne tu. Zilizobaki ziachiwe ngoma ndogo. Kwanza tembezeni safu kwa ngoma peke yake hadi hatua zitulie kwenye 120, ndipo filimbi ziingie.